Nimechemsha kiazi kikagoma, nimechemsha unga wa betri ukaendelea kutoa povu. Mwanafunzi kanikwamisha, nisaidieni

Ticha_wa_Zamu

Wakuu habari za leo. Mi ni mwalimu wa kemia shule moja ya kata, maabara yetu ni chumba chenye meza mbili na kabati ambalo funguo ilipotea tangu mwaka juzi, kwahiyo mambo mengi najiongeza. Juzi nilikua na kipindi cha vichocheo Form Three (vile vitu vinavyoharakisha mmenyuko bila vyenyewe kuisha) nikasema leo hawa watoto waone kwa macho. Nikanunua haidrojeni peroksaidi famasi, ile ya kusafishia vidonda, nikapasua betri ya tochi iliyokufa (zile za kaboni za zamani jamani, msije mkapasua betri za simu mkaungua mkanitaja mimi), nikatoa ule unga mweusi maana ndani yake ndimo ilimo manganizi dioksaidi, yaani metali ya manganizi iliyoungana na oksijeni, nikauosha kwa maji mara nne tano. Upande wa pili nikakata kiazi mviringo kibichi. Glasi mbili, peroksaidi kila moja, huku unga huku kiazi. Zote mbili povu, kijiti chenye kaa kikawaka tena, makofi, mpaka hapo mimi ni profesa.

Alafu nikasema haya sasa tuone joto linafanyaje. Nikachemsha unga kidogo, nikachemsha na kipande cha kiazi. Unga ukarudi kutoa povu kama hakuna kilichotokea. Kiazi kimya. Nikafurahi maana ndicho nilichokua nakitaka, nikaanza kueleza kwamba kinachofanya kazi kwenye kiazi ni kimeng'enya, yaani enzaimu, na kimeng'enya ni protini, ukikipika kinaharibika kama ute wa yai, ukishakua mweupe haurudi. Kuna binti mmoja anakaa nyuma kabisa, haongeagi, akaja mbele akaomba kisu akakata kile kipande katikati akakitumbukiza tena. Pembeni kimya, katikati povu! Yaani duara la povu limekaa katikati ya kiazi kama kiini cha yai. Darasa likacheka mpaka mkuu wa shule akachungulia dirishani. Nikajitetea kwamba moto haukufika ndani, na nadhani niko sahihi, kilikua kipande kinene na nilikua na haraka ya kengele.

Ila hajaniacha. Akauliza "Sir, kama metali haifi hata ukiichemsha, na enzaimu inakufa kwa jiko la mkaa tu, hao watafiti wanahangaika na enzaimu za nini? Si watumie metali yaishe?" Nikamwambia nitamjibu Jumatatu. Leo Ijumaa. Kitabu kinasema tu vimeng'enya ni vichocheo vya kibaolojia, basi.

---

Mkaa_Kijiweni

Mwambie kiazi ukimaliza jaribio unakula, betri huwezi. Kesi imefungwa.

---

Ticha_wa_Zamu

Mkuu kiazi kilicholoweka kwenye peroksaidi we utakula??

---

Mkaa_Kijiweni

Nimekula vibaya zaidi ya hivyo nikiwa bweni.

---

DadaMaabara

Mwalimu pole kwa kuumbuka na hongera kwa kufundisha hivyo, sisi kemia ya sekondari tulikariri ubao. Sasa hivi niko Ujerumani nasoma masters upande wa enzaimu, kwahiyo swali la huyo binti ndio mkate wangu, naomba nijimwage.

Kwanza mwambie hajakosea. Kwenye viwanda vikubwa metali ndio baba lao. Amonia ya kutengenezea mbolea inatoka kwenye kichocheo cha chuma, ndivyo ilivyo tangu kiwanda cha Oppau hukuhuku Ujerumani kilipowashwa 1913, presha mara 200 hivi ya hewa ya kawaida, joto nyuzi 400 mpaka 500. Protini gani itakaa humo hata sekunde? Kabla ya hapo mkemia Haber alikua ameonyesha kwamba inawezekana, 1909, ila kwa osmiamu ambayo ni adimu mno, ndio Mittasch na wenzake pale kampuni ya BASF wakakaa wakajaribu vitu kwa maelfu mpaka wakaangukia kwenye chuma kilichotiwa vikorombwezo. Kwahiyo kama kazi yenyewe ni molekuli ndogo kwa wingi, chukua metali, binti yuko sahihi.

Utamu unaanzia pale unapotaka kutengeneza kitu chenye umbo. Mwambie avue ndala aziweke mezani. Kushoto na kulia, mpira ule ule, kamba zile zile, ila ukiweka moja juu ya nyingine hazilaliani. Molekuli nyingi za dawa ziko hivyo, zina pacha wa kwenye kioo, atomu zile zile zimeungana vile vile ila moja ya kushoto moja ya kulia, na mara nyingi mwili unataka mguu mmoja tu. Povu lako la oksijeni halina kushoto wala kulia ndio maana betri na kiazi walitoka sare. Ungewapa kazi ya kushona ndala za kushoto peke yake ule unga wa betri ungekutolea mchanganyiko nusu kwa nusu bila aibu.

Sasa mfano wa kweli. Kuna dawa ya kisukari inaitwa sitagliptini. Kampuni ya Merck walikua wanaitengeneza kwa kichocheo cha rodiamu, metali ya bei mbaya, na sio kwamba rodiamu ilikua mjinga, waliifunga na molekuli nyingine zenye umbo ili ijue mguu upi, na hiyo nayo ni sayansi ya Nobel (Knowles na Noyori, 2001). Ila ilihitaji haidrojeni ya presha kubwa, mtambo maalum, mguu usiotakiwa bado ulikua unapenya kidogo, na mwisho wa siku lazima uiondoe rodiamu yenyewe kwenye dawa. Wakaenda kwa Codexis, watu wa enzaimu. Enzaimu waliyoanza nayo, aina ya transaminezi, ilikua haiigusi kabisa hiyo molekuli, yaani sifuri, mzigo mkubwa kuliko mlango. Wakafanya akili: wakaikata molekuli wakaipa enzaimu kipande kidogo kwanza, wakatanua mlango pole pole, baadae wakaleta mzigo mzima. Kila duru wanabadilisha asidi amino kadhaa (yale matofali yanayojenga protini), wanapima, wanaobaki ni wale waliofanya vizuri, wanabadilisha tena. Walipomaliza enzaimu ilikua imebadilishwa sehemu 27. Ilitoka kwenye jarida la Science 2010 na namba zake nazikumbuka kwa kichwa maana profesa wetu anazirudia kama kiitikio: mavuno yalipanda asilimia 10 mpaka 13, kiasi kinachozalishwa kwa lita kwa siku kikapanda asilimia 53, taka zikashuka asilimia 19, metali nzito hakuna tena, na mguu unaotakiwa ukawa zaidi ya asilimia 99.95. Na hiyo ni kwenye joto la vuguvugu, chai uliyoisahau mezani, ndani ya mchanganyiko ambao nusu yake ni kiyeyushio na sio maji. Enzaimu uliyoichemsha wewe isingevumilia hapo, ila hii ilifundishwa.

Huo mtindo wa kubadilisha na kuchagua, kama mfugaji anavyochagua dume la mbegu, ndio uliompa Frances Arnold nusu ya Nobel ya kemia 2018.

---

Fundi_Masega

Mi sio mtu wa kemia, ni fundi gari, ila hapo kwenye "metali haifi" naomba nipinge kwa mikono yangu miwili. Wenye gari za Japani mnajua yale masega kwenye bomba la moshi, ambayo wezi siku hizi wanalala nayo kichwani. Ukiyapasua ndani ni kama sega la nyuki kweli, vitundu vitundu vya kauri, na kwenye kuta za vitundu kumepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, kidogo sana, huwezi kuikwangua kwa kisu ukaiona. Moshi ukipita pale unabadilika, kaboni monoksaidi inakua kaboni dioksaidi na zile oksaidi za naitrojeni zinarudi kua naitrojeni.

Zamani mafuta yalikua na madini ya risasi. Gari yenye masega ukiitilia mafuta ya risasi basi ile metali inafunikwa na risasi, masega yanabaki kua mzigo tu. Mafundi wazee wanakumbuka, nchi zetu hizi ziliacha petroli ya risasi 2006 hivi, kabla ya hapo masega yalikua hayana maana. Na mpaka leo injini ikila oili muda mrefu masega yanakufa vile vile. Kwahiyo mwambie binti metali inakufa, ila haifi kwa kuchemshwa kama kiazi, inakufa kwa sumu.

(Na msitoe masega jamani. Mteja anakuja anasema toa gari iwe nyepesi. Nyepesi wapi, una njaa ya hela tu.)

---

DadaMaabara

Fundi umemaliza!! Hata chuma cha kutengenezea amonia ni hivyo hivyo, kinaweza kukaa mtamboni zaidi ya miaka kumi ila ukipitisha gesi yenye salfa kinazimika. Lugha yetu maabara ni hiyo hiyo, tunasema kichocheo kimetiwa sumu.

---

KipKericho

Sasa mwalimu. Niko upande wa Kericho, nafanya kwa kiwanda ya majani chai, na hii maneno ya enzaimu dhidi ya metali naona mnaiongea kama ni timu mbili zinacheza, kumbe mchezaji mmoja amevaa jezi zote mbili.

Chai nyeusi inakua nyeusi kwa sababu gani? Jani likitoka shambani linakaushwa kidogo likaregea, linapitishwa kwa mashine za kukata, linakuja limesagika kama mboga, kijani kabisa. Hapo enzaimu iliyokua imefichwa ndani ya seli inakutana na vitu vya jani na hewa. Tunaiacha saa moja hivi, tunapitisha hewa chini yake, na unaona rangi inatoka kijani inaenda rangi ya shaba kabisa, kama sarafu mpya, na harufu inabadilika, ile ya nyasi inapotea inakuja ya tufaha. Sisi tunaita fermentesheni lakini hakuna hamira hapo, ni oksijeni tu na enzaimu inaitwa polifenoli oksideizi. Sasa hiyo enzaimu ndani ya kitovu chake kuna nini? Shaba! Atomu mbili za shaba zinashika oksijeni. Enzaimu hiyo hiyo iko kwa parachichi, kwa biringanya, kwa kile kiazi chako, ndio maana vikikatwa vinakua kahawia.

Alafu tunaipeleka kwa draya ya moto na hapo tunaiua makusudi. Ukichelewa dakika kumi chai inakua laini haina ukali, mnunuzi wa mnada Mombasa anaitema. Ukitaka chai ya kijani unaiua kwanza na mvuke kabla hujaikata. Kwahiyo huyo msichana akisema enzaimu kufa ni udhaifu, mwambie kwetu hiyo ndio kazi: kitu ambacho unaweza kukizima. Shaba ya kawaida huwezi kuizima kwa mvuke.

---

Ticha_wa_Zamu

Aisee KipKericho hiyo ya kuzima makusudi sikuwahi kuifikiria. Asanteni sana wote.

Ila jamani mmenizalishia tatizo. Yule binti nilimkuta leo Jumamosi shuleni anamwagilia bustani nikashindwa kunyamaza nikamwambia kwamba ndani ya enzaimu nyingi mna metali, na ya kiazi inaitwa kataleizi, ndani yake mna chuma. Akasimama na ndoo kichwani kama sekunde kumi alafu akasema "sasa Sir kiazi kilichochemshwa chuma kimeenda wapi? Si bado kimo?" Kimo! Sijakimwaga popote! Kwanini hakitoi povu?

---

Mkaa_Kijiweni

Huyo mtoto mpeni cheti aende zake.

---

DadaMaabara

Mwalimu huyo binti mtafutie njia, nasema kweli.

Chuma kimo. Chuma chenyewe kikiwa kimeyeyuka kwenye maji kinavunja peroksaidi lakini kwa mwendo wa konokono. Kikifungwa katikati ya ile pete inayoitwa hemu, ndio hiyo hiyo iliyoko kwenye damu, kinachangamka kidogo. Kikiwekwa na hemu yake ndani ya protini ya kataleizi, molekuli moja inavunja mamilioni ya peroksaidi kwa sekunde. Atomu ni ile ile. Kilichobadilika ni majirani: kuna asidi amino imeshika chuma kwa chini, nyingine iko juu inampokea peroksaidi na kumuinamisha vizuri, na kuna kinjia chembamba ambacho kinapitisha kitu kidogo kama peroksaidi na kuzuia wengine. Ukichemsha majirani wanatawanyika, kinjia kinaanguka, protini inajiviringisha ovyo na chuma kinabaki kimefukiwa humo.

Na sasa ndio tufike kwenye utafiti wenyewe, maana hicho alichouliza binti ndicho watu wanachokitumia kwa kugeuza. Kama siri iko kwa majirani, mbona tusichukue metali ambayo asili haijawahi kuitumia tukaitafutia majirani? Kati ya wa mwanzo walikua wanakemia Wilson na Whitesides 1978. Kwenye ute wa yai kuna protini inaitwa avidini ambayo inashika vitamini ya bayotini kwa nguvu za ajabu (bayotini ile wadada tunayomeza ya nywele, ndio hiyo). Wao wakafunga rodiamu kwenye mkia wa bayotini wakaitumbukiza, avidini ikaidaka, na rodiamu ambayo peke yake haijui kushoto wala kulia ikaanza kupendelea mguu mmoja. Rodiamu kwenye ute wa yai! Wazo likalala miaka mingi, sasa hivi kuna kundi la Thomas Ward pale Basel wamelifanya kama shamba lao, wanabadilisha metali, wanabadilisha majirani.

Na Arnold huyo huyo na wenzake 2016 walichukua protini yenye chuma kutoka kwa bakteria wa chemchemi za moto Iceland, kazi yake ya asili ni kupitisha elektroni tu, wakabadilisha asidi amino tatu, ikaanza kuunganisha kaboni na silikoni. Hakuna kiumbe anayejulikana kufanya hivyo kwa asili, viwandani hiyo ni kazi ya metali za bei mbaya, na hii protini ikavipita vichocheo bora vya maabara kwa kazi hiyo. Sehemu tatu tu mwalimu.

---

Mpima_Vidonge

Naomba nitie maji kidogo kwenye hiyo mvinyo. Nafanya upande wa ubora wa dawa. DadaMaabara anaeleza vizuri ila asije binti akaondoka akidhani metali zimepitwa na wakati. Ile kazi ya kuunganisha kaboni na kaboni kwa paladiamu, Heck, Negishi na Suzuki walipewa Nobel yake 2010, imejaa kwenye njia za kutengeneza dawa mpaka leo na haiondoki kesho. Sitagliptini inatajwa kila mkutano kwasababu ni moja ya zile chache ambazo hesabu zilitoka wazi kabisa hivyo. Kuifundisha enzaimu ni muda na hela, na kama dawa yako itauzwa kidogo, mhasibu atakwambia kaa na paladiamu yako.

Ila gharama yake naiona mimi kwenye mashine. Miongozo ya kimataifa inasema paladiamu kwenye dawa ya kumeza isizidi maikrogramu 100 kwa mtu kwa siku, rodiamu vile vile. Maikrogramu 100 ni chembe ambayo ukiiweka kwenye kiganja ukapumua imeenda. Kwahiyo kiwanda kinapitisha dawa kwenye mkaa maalum, kwenye chujio zenye salfa zinazonasa metali, wanapima, bado ipo, wanapitisha tena, kila kupita unaacha dawa kidogo njiani. Enzaimu ikibaki ni protini, nayo lazima uiondoe na uthibitishe imetoka, ila ukiiua inaganda unaichuja. Mnaona, na hapo kufa kwa enzaimu ndiko kunakosaidia. Mtu wa Kericho kapatia.

---

Bibi_Shamba

Hodi humu. Mimi nimesomea kilimo zamani, sasa nimestaafu nalima mahindi na maharage yangu. Nimesoma yote nikawa nasubiri mtu ataje naitrojeni ya hiyo amonia upande wa shambani, naona mmeishia Oppau.

Mwanangu mwalimu, hapo shuleni si mna bustani? Ng'oa mharage mmoja unaoanza kutoa maua. Usivute, chimba pembeni uuinue na udongo wake, uoshe mizizi kwenye beseni. Utaona vinundu kama punje za mtama. Pasua kimoja kwa ukucha. Ukikuta ndani pinki kama nyama ya kuku mbichi, humo kuna mtambo wa amonia unafanya kazi muda huo huo, kwenye udongo wa kawaida, hakuna presha, hakuna nyuzi 450. Ukikuta kijani au kijivu, umezimika.

Wanaofanya kazi ni bakteria wa rizobia na kimeng'enya chao kinaitwa naitrojeneizi. Na yule wa Kericho atafurahi maana katikati yake kuna kijifundo cha metali: chuma saba, molibdenamu moja, salfa tisa, na katikati kabisa atomu moja ya kaboni ambayo watu walibishana ni nini mpaka 2011 ndio ikathibitika kua ni kaboni. Kwahiyo mzungu na bakteria wote wawili waliishia kwenye chuma, kila mmoja kwa njia yake.

Ila sio bure. Mnasema kimeng'enya kinafanya kazi kwa joto la kawaida mkadhani ni sadaka. Kuvunja molekuli moja ya naitrojeni kinakula ATP 16 (ATP ndio sarafu ya nishati ndani ya seli), na wanga wa kuzitengeneza unatoka kwenye majani ya mharage. Mharage ndio unalipa bili. Ndio maana ukimwaga mbolea nyingi ya naitrojeni kwenye maharage vinundu vinakua vichache, mmea unasema nilipie nini wakati nimeletewa. Na kimeng'enya chenyewe kikiguswa na oksijeni kinaharibika kabisa, ile pinki ni hemoglobini ya mmea, ndugu ya ile ya damu yetu, inaishikilia oksijeni isizagae. Watu wamehangaika miaka na miaka kutengeneza kijifundo kama kile nje ya protini kifanye kazi vile vile, bado.

Na jingine la shambani. Mkitia urea mwagieni udongo juu. Kwenye udongo kuna yurizi, kimeng'enya kinachovunja urea ikawa amonia, ukiiacha juu kwenye udongo wenye unyevunyevu na jua basi hela yako inapaa hewani, unaisikia kwa pua, ni harufu ile ile ya choo cha stendi na mhusika ni yule yule. Bila yurizi urea kwenye maji ingekaa miaka mingi. Hiyo yurizi ndiyo kimeng'enya cha kwanza kupatikana kama fuwele, James Sumner, 1926, kutoka kwenye maharage-jeki, na bwana huyo alikua na mkono mmoja, mwingine aliupoteza akiwinda akiwa kijana. Wakubwa wa kemia walimkatalia kwamba vimeng'enya ni protini, akapewa Nobel 1946. Na miaka yote hiyo fuwele zake zilikua na nikeli ndani na hakuna aliyejua, iligundulika 1975.

---

Mkaa_Kijiweni

Bibi shikamoo. Mi nilikuja kutania, sasa nimeandika notsi.

---

Bibi_Shamba

Marahaba mjukuu. Urea yako umefukia?

---

Mkaa_Kijiweni

Nimepanga chumba kimoja Bibi, nitafukia wapi.

---

Ticha_wa_Zamu

Mrejesho wa Jumatatu, samahani nimechelewa, bando liliisha.

Nimeingia darasani nimewavulisha ndala na viatu wote arobaini na tatu, meza imejaa, harufu nawaachia mjaze wenyewe. Nikawaambia wajaribu kulaza cha kushoto juu ya cha kulia. Hapo nikaingiza sitagliptini, nikaingiza rodiamu, nikawaambia ile enzaimu iliyokua haiingizi mzigo ikafundishwa mpaka ikaingiza. Kuna kijana akauliza enzaimu inafundishwaje wakati haina akili, nikamrudisha kwa baba yake anayefuga kuku, anachagua jogoo gani wa mbegu, akaelewa haraka kuliko mimi nilivyoelewa hapa.

Nilirudia na kiazi, safari hii nikakata vipande vyembamba kama krispi nikavichemsha mpaka vikaiva. Kimya kabisa kuanzia pembeni mpaka katikati. Yule binti akakikata tena hata hivyo.

Alafu tukatoka bustanini kwa ile ya Bibi. Tumeng'oa miche mitano. Mitatu vinundu vyake ndani pinki kabisa, nimeona kwa macho yangu mwenyewe miaka 41 ndio mara ya kwanza. Mmoja vilikua kijani. Mmoja haukua na kinundu hata kimoja, na huo ulikua pembeni kabisa pale wanapomwagaga samadi, binti akasema "huo umeletewa, Sir". Sikumwambia habari ya bili mimi, nilikua bado sijafika huko, sijui kajuaje, nadhani alichungulia simu yangu.

Sasa tatizo nililonalo ni hilo la bustani. Ile ni ya mradi wa chakula cha mchana na mkuu wa shule kaitisha kikao cha walimu saa nane anauliza nani kang'oa maharage. Bibi_Shamba naomba uniandikie haraka jambo la kusema, ila lisiwe refu.

---

Bibi_Shamba

Mwambie mitano tu, na mizizi yote umeirudisha shimoni inaoza inakua mbolea. Alafu mpasulie kinundu kimoja mkononi mwake.